Get, Kitenzi Nilichokishuku Hadi Nikastaafu

Makarani wenzangu mliobaki Kitale na Bungoma, siku ya chai ya kuniaga mliniomba niwaandikie kitu kuhusu kazi ya ukalimani kortini. Nadhani mlitaka tu nikae chini ili mle mandazi yakiwa bado moto. Lakini mimi nikiombwa jambo mbele ya mashahidi hulifanya, kwa hiyo someni. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini, wala kama nilipandishwa. Mkitaka kulia, lieni kwa mishahara yenu wenyewe.

Nitaandika zaidi kuhusu kitenzi kimoja cha Kiingereza, nacho ni get. Najua mtacheka. Hicho ni kitenzi cha darasa la pili, hata anayeuza miwa pale Kanduyi anacho. Mimi nilikishuku tangu mwezi wangu wa kwanza kazini, na hakikuwahi kunipa sababu ya kuacha.

Nilianzia Bungoma. Siku ya kwanza nilisimamishwa kando ya kizimba, mahakimu wakati huo bado wakiandika kila neno kwa mkono. Kama ukisema haraka hakimu anakukazia macho, na ukisema polepole kiongozi wa mashtaka anaangalia saa. Aliyenifundisha ni Mzee Barasa, mkalimani wa siku nyingi aliyevaa sweta hata jua likiwaka, na aliyekaa siku zote mahali anapouona mlango. Alimshuku kila mtu, mimi nikiwamo. Wiki zile za kwanza alivuta kiti chake nyuma yangu akasikiliza kama naongeza chumvi kwenye maneno ya watu.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya baiskeli. Kiongozi wa mashtaka, ambaye siku hizo alikuwa ni afisa wa polisi, aliuliza, "Where did you get this bicycle?" Mshtakiwa akajibu kwamba aliipata kwa rafiki yake. Nikasema kwa Kiingereza kwamba ameipata kwa rafiki yake, hakimu akaandika, tukasonga mbele. Nilijiona nimefanya kazi safi.

Wakati wa chai Mzee Barasa akanivuta kando, akauliza kwa ulimi wake unaogeuza l kuwa r. "Yure mtu ariipataje?"

"Kwa rafiki yake, Mzee."

"Sikuuriza kwa nani. Arinunua? Aripewa? Ariazima? Ama arichukua rafiki akirara?"

"Hakusema."

"Na wewe ukafurahi bana, kwa sababu hakusema."

Akanieleza kwamba karani hana ruhusa ya kumhoji shahidi. Hatuongezi, hatupunguzi. Lakini kuna mlango mdogo ulioachwa wazi, nao ndio nimeutumia maisha yangu yote ya kazi: unasimama wima, unainamisha kichwa kidogo, unasema, "Mheshimiwa, naomba korti ifafanue." Kisha unanyamaza. Ukiendelea kuongea unakuwa wakili, na hakuna anayekulipa kuwa wakili.

Mzee Barasa alikuwa na kamusi nene ya Kiingereza isiyo na jalada, aliyoifunika kwa karatasi ya kalenda ya zamani. Hiyo ndiyo iliyokuwa nyundo na msumeno wetu. Siku moja mvua ilizuia mashahidi kufika, akanifungulia kwenye get. Ukurasa ulikuwa mweusi kwa vidole vyake. Neno hilo, kamusi ilisema, halikuzaliwa Uingereza. Lilifika na watu wa kaskazini waliovuka bahari kuja kuteka, na kwao lilikuwa na maana ya kukipata kitu, kukifikia na kukishika. Barasa alilifurahia jambo hilo kupita kiasi.

"Unaona? Neno ririretwa na wavamizi. Harafu tunashangaa riko kwa kesi ya wizi kira siku!"

Akanionyesha ndugu zake. Forget, kusahau, zamani ilikuwa ni kupoteza kile ulichokuwa umekishika. Beget ni kuzaa. Kwa hiyo mwanzoni neno lilikuwa na mkono, na mkono una mwenyewe. Halafu Waingereza wakalitumia kwa kila kitu, hadi mkono ukapotea. Mtu anaamka, ni get up. Anaugua, ni get sick. Anaoa, anachelewa, anashuka kwenye gari, anafukuzwa uani kwa watu, zote ni get. Ukimwuliza mtu get maana yake nini, atakuambia "kupata", na kupata kwetu nako kuna matobo yake.

Tangu siku hiyo nikawa nazisoma taarifa za stesheni ya polisi kwa jicho lingine. Afisa anaandika kwamba alipata habari kutoka kwa mwananchi. Mwananchi gani? Hana jina, hana sura, lakini anajua mambo yote ya kijiji. Mshtakiwa "got injured" alipokuwa akikamatwa. Hakupigwa na mtu, yeye alijeruhika tu, peke yake, mbele ya maafisa waliosimama wakitazama. Kielelezo nacho "got lost". Hakuna aliyekipoteza, kilijiondokea chenyewe stoo. Nilipoikuta got kwenye taarifa, niliweka kidole hapo nikajiuliza ni mkono wa nani uliofutwa. Mara nyingi ulikuwa ni uzembe tu wa kuandika, nakubali. Lakini siyo mara zote.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikahamishiwa Kitale. Huko nilikuwa kama nimerudi nyumbani, kwa maana nililelewa Saboti, ambako baba yangu, Mbukusu, alichunga ng'ombe wake na wa watu. Majirani zetu walikuwa wametoka Kenya ya kati, wakulima wa viazi na mahindi, na nilicheza na watoto wao hadi nikajua Kikuyu kabla ya kujua Kiingereza. Korti ya Kitale iliipenda hiyo. Ningeweza kumsimamia Mbukusu asubuhi na Mkikuyu mchana bila kutafutiwa msaidizi.

Sasa nifike kwenye kesi ambayo imenifanya niandike haya yote.

Ilikuwa mwaka ule baada ya fujo za uchaguzi. Wengine wenu mlikuwa bado shuleni, kwa hiyo niwaeleze korti ilivyokuwa. Nje kulijaa vielelezo: mabati, magodoro, mashine za kusaga, vitanda, na nyuma ya jengo ng'ombe wamefungwa kwenye miti. Watu walikuwa wamekimbia makwao na sasa vitu vyao vilikuwa vinaonekana kwa watu wengine. Swali lilikuwa moja kutwa nzima: "How did you get this?" Watu waliingia wakakaa kikabila bila kuambiwa, hawa upande wa dirisha, wale upande wa mlango. Hata kwenye kibanda cha chai tuliangalia kwanza nani amekaa wapi. Nami, niliyezishuku taarifa kwa sababu ya kazi, nikaanza kuwashuku watu kwa sababu ya majina. Siku hizo sikujipenda.

Mshtakiwa alikuwa Mzee Simiyu, mkulima wa upande wa Endebess, mtu mzima mwenye kofia aliyoishika kwa mikono miwili. Mlalamikaji alikuwa jirani yake, Mama Njoki, mjane. Mashamba yao yalitenganishwa na ua wa michongoma. Fujo zilipoanza Mama Njoki alikimbilia kambini, uwanja wa maonyesho hapa Kitale. Ng'ombe wake wa maziwa na ndama wakabaki. Taarifa yake iliyoandikwa na polisi ilisema hivi kwa Kiingereza: nilipokimbia, mshtakiwa "got" ng'ombe wangu na ndama, baadaye nikiwa kambini nili-"get threats" kutoka kwake. Yaani alipata ng'ombe, na mama akapata vitisho. Nilipoisoma asubuhi ile niliweka kidole mara mbili kwenye mstari mmoja.

Shtaka lilikuwa wizi wa mifugo. Mzee alikuwa rumande tayari, hana wakili, na akipatikana na hatia angefungwa miaka ambayo kwa umri wake hakuwa nayo.

Niwaambie nilichoshuku. Nilimshuku Simiyu, kwa sababu alinyamaza mno na kwa sababu ng'ombe, tuliyemwona nyuma ya korti, alikuwa amenawiri kuliko wote. Mtu hamlishi hivyo ng'ombe anayetarajia kumrudisha, nilijiambia. Nikamshuku shemeji yake Mama Njoki, Karanja, mfanyabiashara wa mjini, aliyempeleka stesheni na kumsemea kwa Kiingereza chake kizuri. Yeye alikaa mbele kabisa, na kila mama alipoulizwa kitu, midomo ya Karanja ilisogea kwanza.

Kitu kingine kilinisumbua. Hawa wawili walikuwa wameishi ua kwa ua tangu mama alipoolewa, na lugha yao hapo uani ilikuwa Kiswahili. Lakini walipoulizwa watatumia lugha gani, Simiyu alisema Kibukusu na Mama Njoki akasema Kikuyu. Nikasimama katikati yao kutafsiri watu waliokuwa wakielewana vizuri kabla sijawajua.

Inspekta wa mashtaka akaanza. "How did the accused get your cow?"

Mama Njoki akajibu kwa Kikuyu kwamba Simiyu alibaki naye. Nikatafsiri. Inspekta alitaka kwenda mbele, nami nikasimama wima. "Mheshimiwa, naomba korti ifafanue."

Hakimu wetu alikuwa mama mtulivu asiyependa kuharakishwa. Akaweka kalamu chini. "Alibaki naye kwa sababu ulimpa, au alimchukua?"

Mama Njoki akamtazama Karanja. Karanja akatazama dari. "Nilimpa kamba ya ng'ombe," akasema mama, "juu ya ua. Nilimwambia anishikie. Lakini baadaye aligeuka."

"Ulijuaje amegeuka?"

"Nilipata vitisho."

"Alisema maneno gani?"

"Hakusema neno."

Hakimu akaandika, akakunja uso. Inspekta akasema hana maswali zaidi na akaketi haraka kuliko alivyosimama. Hapo nikamshuku naye.

Mshtakiwa akaambiwa anaweza kumuuliza shahidi maswali. Nikamgeukia nimsaidie kwa Kibukusu, lakini Mzee Simiyu hakuniangalia. Akamwangalia mama, na kwa mara ya kwanza akasema Kiswahili, kile cha uani.

"Mama Njoki, mimi niko na swari moja tu. Ire ngozi ya ndama nirituma kambini, si uriipata?"

Mama Njoki akashika meza. Naye akakiacha Kikuyu. "Niliipata! Mnasikia? Amekubali mwenyewe! Ndiyo hiyo!"

Watu wa dirishani wakaguna, na wa mlangoni wakaguna. Hakimu akanyamazisha korti, akamtaka mama aeleze. Akaeleza. Mtu alifika kwenye lango la kambi na gunia, akaliweka chini, akasema limetoka kwa Simiyu na ni la Mama Njoki, akaondoka karibu mbio. Ndani kulikuwa na ngozi ya ndama wake. Aliijua kwa baka jeupe la begani. Wanawake wenzake kambini walisimama wakaitazama, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. "Walinichinjia ndama wakaniletea ngozi," akasema. "Maana yake, rudi huku na wewe uwe hivi. Sijalala tangu siku hiyo, Mheshimiwa. Watoto wangu hawajalala."

Nilitafsiri kwa Kiingereza huku nimeshaelewa. Kila Mbukusu mle ndani alikuwa ameelewa, na upande wao wakaanza kutazamana. Baba yangu alichunga ng'ombe wa watu, nimesema. Ndama wa mtu alipokufa mikononi mwake, baba aliichuna ngozi, akaianika, akaifunga kwenye baiskeli akaipeleka hadi Kanduyi kwa mwenyewe. Niliona jambo hilo utotoni mwangu kama nilivyoona watu wakienda kanisani. Lakini karani haongezi.

Mzee Simiyu alikuwa ameangusha kofia. "Mungu wangu," akasema. "Mama, ndama arikufa na ugonjwa wa kupe. Niriita mtu wa dawa, akacherewa. Kwetu mtu akikuwekea ng'ombe, kitu ikikufa, unamperekea ngozi. Ndiyo ajue hukuuza. Ndiyo ajue hukukura. Nisingetuma si ungesema Simiyu ni mwizi?"

"Na huyo mtu mbona hakusema?" mama akauliza, bila ruhusa ya korti.

"Nirimwambia aseme! Sasa kijana wa kwetu asimame mrango ya kambi yenu aanze kuereza mambo ya ndama? Ariogopa!"

Hakimu aliwaachia waongee. Alipotosheka aliuliza upande wa mashtaka kama bado una kesi. Inspekta alinong'ona na askari wake kwa muda, akasimama akasema anaomba kuiondoa. Nilishuku hata huruma yake, maana ilikuwa Ijumaa. Mzee Simiyu akaachiliwa hapo hapo, na ikaamriwa mama arudishiwe ng'ombe wake.

Karanja alikuwa ametoka kabla amri haijasomwa. Kama alijua tangu mwanzo kwamba hivyo "vitisho" vilikuwa ngozi kwenye gunia, sijui. Yeye ndiye aliyelipeleka neno hilo stesheni, na neno lilimtosha kila mtu hadi mzee akakaa rumande. Nilisikia baadaye kwamba alikuwa na mnunuzi wa ng'ombe tayari. Nilisikia tu. Nanyi mkinisikia nikisema "nilisikia", niulizeni kwa nani.

Sasa mtadhani walikumbatiana. Nilikuwa varandani nikifunga faili za siku nilipowaona wamesimama karibu na ng'ombe, mmoja huku na mwingine kule. Waliongea Kiswahili, kwa sauti za chini.

"Ngozi iko wapi?" mzee akauliza.

"Niliichoma, Baba Nafula," akasema, akimwita kwa jina la mwanawe kama zamani uani. "Nilimwagia mafuta ya taa nikaichoma."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Mama akamwambia kwamba harudi Endebess, siyo sasa, labda siyo kamwe. Amepanga chumba mjini na watoto. Hana pa kumweka ng'ombe. Akamwomba amshikie tena kama mwanzo. Nilifurahi. Nilijiambia kwamba leo, mara moja tu, kitu kimeharibika na kimetengenezwa mbele ya macho yangu.

Mzee Simiyu hakuipokea kamba. Aligeuka akaniona. "Karani, kuja hapa."

Nikashuka ngazi.

"Mama, sema tena. Huyu asikie."

Mama Njoki akaniangalia, akaangalia chini. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayeapishwa: "Mimi mwenyewe ndiye nampa Baba Nafula ng'ombe wangu anishikie. Hajamchukua. Nimempa."

Hapo palikuwa na mtoaji, mpokeaji na kitu chenyewe, wazi kuliko nilivyowahi kusikia kizimbani. Mzee Barasa angepiga makofi. Lakini Mzee Simiyu bado hakunyoosha mkono.

"Sasa wewe niambie kwa Kibukusu," akaniambia.

Alikuwa ameelewa kila neno. Alijua kwamba najua. Nikalisema kwa Kibukusu, mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo alipoipokea kamba, akajibu kwa Kibukusu kwamba sawa, atamtunza.

Mama Njoki alisubiri tumalize. Kisha, huku mzee amesimama hapo hapo mbele yake, akanigeukia na kuniuliza kwa Kikuyu, "Amesema nini?"